Ratiba ya Wanafunzi Wakatoliki wa Kolwezi na Mzizi Wake wa Musonoi

Mwaka wa masomo unapofunguliwa mjini Kolwezi, karatasi moja hubandikwa kwenye mlango wa kanisa wanakosali wanafunzi wa chuo kikuu. Siku hizi picha yake huzunguka kwenye simu kabla gundi haijakauka. Ni ratiba ya jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki: Misa ya kumwomba Roho Mtakatifu aongoze masomo, mazoezi ya kwaya, mafundisho ya katikati ya juma, siku ya mafungo kabla ya Noeli, kumbukumbu ya Mwenye Heri Anuarite tarehe 1 Desemba, Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima, kutembelea wagonjwa, hija.

Mfikirie msichana aliyeshuka juzi kwenye gari la Sandoa. Nyumbani aliongea Kiruund na bibi yake, Kichokwe na majirani. Kiswahili anakikuta kwa wingi huku kwenye shaba, na Kifaransa kinamngoja darasani. Amebeba unga wa muhogo wa kusongea bukari na namba ya simu ya shangazi anayekaa Manika. Mji haumjui. Ile karatasi ndiyo ya kwanza kumwambia Jumapili aende wapi na ataketi na nani.

Ataisoma kama tarehe na saa tu, na hana kosa. Lakini karibu kila mstari wa karatasi ile uliwahi kugombaniwa, na mwingine ulipigwa marufuku kabisa.

Tuanzie kwenye chuo chenyewe. Chuo kikuu kiliingia Kongo kwa ugomvi. Kanisa lilitangulia: mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilifungua Lovanium kwenye kilima nje ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, rekta wake akiwa Monsinyori Luc Gillon. Mwaka huohuo Ubelgiji ikapata waziri wa makoloni mliberali, Auguste Buisseret, ambaye hakupenda kuona elimu ya Wakongo imebaki mikononi mwa wamisionari. Akafungua shule za serikali zisizo za dini, maaskofu wakawaka. Kwa amri ya tarehe 26 Oktoba 1955 serikali ikaanzisha na chuo kikuu chake, tena hapa Katanga, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Masomo yalianza Novemba 1956.

Basi tangu mwanzo mwanafunzi Mkatoliki wa Lovanium alikuwa mwenye nyumba, na mwenzake wa Lubumbashi alikuwa mgeni. Padri wa Lubumbashi angeweza kuja kuwasalimu vijana wake, lakini chuo hakikuwa chake. Kwa maoni yangu hali hiyo ndiyo iliyowapa wanafunzi wa Katanga tabia waliyo nayo hadi leo: wanapanga mambo wenyewe kwanza, padri wanamwalika baadaye.

Ajabu ni kwamba mwana wa Katanga aliyevuma kuliko wote alivuma kulekule kwa wenye nyumba. Tharcisse Tshibangu alizaliwa Kipushi mwaka 1933. Januari 1960, akiwa bado mwanafunzi wa teolojia Lovanium, alisimama mbele ya mkuu wa kitivo chake, Alfred Vanneste, wakabishana kama Waafrika wanaweza kuwa na teolojia yenye sura yao. Mwanafunzi alisema inawezekana. Mwalimu alishikilia kwamba teolojia ya kweli ni moja kwa watu wote. Mdahalo huo bado unasomwa seminarini. Mwaka 1967 yule mwanafunzi akawa rekta wa kwanza Mkongo wa Lovanium. Nauliza kwa upole: ratiba zetu za leo zina midahalo mingapi? Mazoezi ya kwaya nayaona mara mbili kwa juma, wakati mwingine tatu.

Hata hivyo, mzizi hasa wa ratiba hii haukuota chuoni. Uliota kambini.

Placide Tempels, Mfransiskani wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 akakaa miaka mingi kati ya Waluba. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilimpa sifa mbali na maadui karibu. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Élisabethville, Mbenediktini mkali aliyekuwa na neno katika kila jambo la Katanga, hakukipenda hata kidogo. Tempels alikwenda Ubelgiji, akazuiwa kurudi mpaka 1949. Aliporudi aliishia Kolwezi, na kuanzia mwaka 1953 alikuwa padri wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière katika kambi ya Musonoi.

Alichofanya Musonoi kinaonekana kidogo ukikieleza. Aliacha kuwauliza watu kama wanajua katekisimu. Akawauliza wao ni nani, na wanatamani nini kuliko vyote. Wakamjibu kwa maneno matatu ambayo wazee wa Kolwezi wanayajua bado: uzima, uzazi, mapendo. Kwa maneno hayo akajenga mafundisho. Mume na mke waliingia pamoja, si mume peke yake kama ilivyozoeleka katika mambo mengi ya kampuni. Walikutana majumbani baada ya kazi, wakafundishana kwa Kiswahili cha migodini, wakapita hatua za mafundisho walizoziita njia: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Waliitana baba na mama, naye padri akaitwa baba Placide. Chama chenyewe hakikuhitaji jina la kutafuta mbali. Kiliitwa Jamaa.

Kumbuka kambi ilikuwa mahali gani. Mtu alitoka Kasai au Lomami au kwetu magharibi, akapewa namba, nyumba na posho, akazungukwa na watu wasio ndugu zake. Kumwambia mtu huyo kwamba jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni jamaa yake lilikuwa jambo zito. Ndiyo maana Jamaa ilienea haraka hadi Likasi, Lubumbashi na Kasai. Tempels mwenyewe aliondoka mwaka 1962 na hakurudi tena. Alifariki Ubelgiji mwaka 1977. Baada yake maaskofu walianza kuwa na wasiwasi na mafundisho ya faraghani, na vikundi vingine vikafukuzwa katika Kanisa. Sitawatetea wote, maana yalikuwako makosa. Lakini mtafiti Johannes Fabian, aliyekuja Kolwezi katikati ya miaka ya 1960 kuwasikiliza na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliwaandikia kitabu kizima kilichotoka Marekani mwaka 1971. Maneno yaliyosemwa jioni kwenye viti vya Musonoi yakasomwa na maprofesa wa mbali.

Mtazame tena msichana wetu wa Sandoa. Anakaribishwa na watu wasio wa ukoo wake, anafundishwa na mwanafunzi mwenzake katika chumba cha kawaida, kwa Kiswahili, ingawa siku nzima amesoma kwa Kifaransa. Hayo hayakuletwa na mwongozo wowote kutoka Roma. Yana harufu ya Musonoi.

Kisha ikaja miaka ya marufuku. Tarehe 4 Juni 1969 wanajeshi waliwafyatulia risasi wanafunzi walioandamana Kinshasa. Miaka miwili baadaye wenzao walitaka kuwakumbuka wafu wao, na Rais Mobutu akawajibu kwa kuwaingiza jeshini wanafunzi wa Lovanium. Mwaka huohuo wa 1971 vyuo vikuu vyote vitatu, Lovanium, Lubumbashi na kile cha Waprotestanti cha Kisangani, vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, jina la Kongo enzi za Mobutu. Sayansi ya jamii na fasihi zikapelekwa Lubumbashi. Mwenye nyumba wa Kinshasa naye akawa mgeni kama sisi.

Januari 1972 serikali ilitaka umoja wa vijana wa chama tawala, JMPR, uwe na tawi hata ndani ya seminari. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alikataa, akalazimika kukimbilia Roma kwa miezi kadhaa. Majina ya ubatizo yakafutwa: Valentin-Yves Mudimbe, mwana wa Likasi na profesa wa Lubumbashi, akawa Vumbi Yoka. Vyama vya vijana vya kidini vikakatazwa nchi nzima. Na nani alikuwa rekta wa chuo hicho cha taifa? Tshibangu wa Kipushi, ambaye tangu 1970 alikuwa pia askofu msaidizi wa Malula. Kardinali wake uhamishoni, yeye akiongoza chuo cha serikali iliyomfukuza. Ningetoa mengi kujua usingizi wake ulikuwaje miezi ile.

Mwaka 1974 kitivo cha teolojia kiliondolewa chuoni, maaskofu wakakibeba wenyewe. Noeli ikafutwa katika sikukuu za taifa, 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine. Mstari wa ratiba unaosema "mafungo kabla ya Noeli" msichana wetu anaupita kwa jicho moja.

Vyama vilipokatazwa, padri mmoja wa Kinshasa, Ignace Matondo, aliona mwanya. Chama kimepigwa marufuku, lakini kumfundisha kijana imani hakujapigwa marufuku. Akaanza vikundi vya malezi vilivyoitwa Bilenge ya Mwinda, yaani vijana wa mwanga kwa Kilingala, navyo vikaenea parokia nyingi za nchi. Ndiyo sababu siudharau mstari mwembamba wa "mafundisho ya katikati ya juma". Kuna miaka ambayo ndio uliobeba yote.

Vita vya Shaba, jina la Katanga enzi hizo, vya 1977 na 1978 vilipita juu ya vichwa vyetu, vya kwanza vikiingilia upande wa Dilolo na Kapanga, vya pili vikitua Kolwezi penyewe. Lakini pigo la wanafunzi lilikuja mwaka 1990. Tarehe 24 Aprili Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, watu wenye silaha waliingia kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kuwashambulia vijana waliolala. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilisimamisha msaada wake, Zaïre ikatengwa. Wazazi wengi wa magharibi ya Katanga walikuwa na mtoto kule, kwa kuwa enzi hizo njia ya chuo kikuu ilipita Lubumbashi. Mei ni mwezi wa Bikira Maria na Rozari huwa ndefu kwenye ratiba. Fumbo moja kwa ajili ya wale wa 1990 halitaichelewesha.

Leo Kolwezi ina chuo kikuu chake, kilichochipuka kutoka Lubumbashi, na tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Mtoto wa Sandoa hapiti tena mpaka Lubumbashi. Anachokutana nacho hapa ni vumbi la malori, kobalti, na pesa inayotembea haraka kuliko masomo. Wapo wanaoacha mwaka wa pili kwenda kuchimba. Wapo pia watakaomaliza sheria au uchumi, wakapewa meza yenye muhuri, na siku ya kwanza tu atokee mtu mwenye bahasha.

Aliyeikataa bahasha kama hiyo tunaye tayari. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Goma, na akiwa mwanafunzi alijiunga na jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968 na kijana wa sekondari, Andrea Riccardi. Jioni alikuwa na watoto wa mitaani. Alipoajiriwa mpakani katika ofisi inayokagua bidhaa, aliletewa mchele ulioharibika na pesa za kuupitisha. Alikataa. Alitekwa Julai 2007 na kuuawa, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko aliwatajia vijana jina lake kwenye uwanja wa Martyrs, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, akiwahesabia kwa vidole vitano: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma.

Nasikia vijana wakipanga jinsi ya kufika Seoul, Korea Kusini, kwenye Siku ya Vijana Duniani ya Agosti 2027. Wapange, nauli ya ndoto haikatwi. Ila ratiba nyingi huishia Juni, mitihani inapobana. Wanafunzi wa Kolwezi, ongezeni mstari mmoja chini ya hapo: 8 Julai, siku aliyouawa Floribert. Na jioni hiyo msiimbe tu. Mleteni mtu wa forodha, mwanasheria na mfanyakazi wa mgodi, mkae nao kwenye viti kama kule Musonoi, mbishane.