Simu ya Mama: Mtoto, Hatari za Mtandaoni na Gharama ya Kusema

Mwaka 2010 mradi wa EU Kids Online, ulioongozwa na Sonia Livingstone wa London School of Economics, uliwahoji watoto 25,142 wenye umri wa miaka 9 hadi 16 katika nchi 25 za Ulaya. Asilimia 12 walisema wamewahi kukutana mtandaoni na jambo lililowaudhi au kuwasumbua. Waliokutana na hatari walikuwa wengi kuliko hao. Kati ya hatari na madhara, basi, kuna kitu anachokifanya mtoto mwenyewe.

Watafiti wa mradi huo walizigawa njia za watoto katika mafungu matatu: kuliacha jambo lipite, kumweleza mtu, na kuchukua hatua, kwa mfano kufuta ujumbe au kumbloki aliyeutuma. Mgawanyo huo una manufaa, ila umesimama juu ya dhana ambayo huku kwetu mara nyingi haipo: kwamba mtoto ana simu yake.

Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya simu janja ni ya mama au ya kaka, na mtoto huazimwa tu. Tumchukulie msichana wa darasa la saba anayepokea maswali ya masomo ya ziada kwenye grupu la WhatsApp, kwa simu ya mama yake. Jioni, mama yuko jikoni anakanda unga wa maandazi ya kesho. Unaingia ujumbe kwa namba isiyo na jina: mtu anamsifia sura, anamwahidi bando, kisha anaomba picha. Msichana anatupa jicho mlangoni. Akiibloki namba, huenda ni ya mteja wa mama. Akiuacha ujumbe, mama atausoma. Anaufuta, anarudisha simu kwenye chaja na kukaa kimya.

Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kazi yao ya 1984, walitenganisha kukabiliana na tatizo lenyewe na kutuliza hisia zinazoletwa na tatizo. Kufuta kumemtuliza msichana wetu kwa usiku mmoja, na papo hapo kumeondoa ushahidi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Sheria zote mbili zinausubiri ujumbe ambao mtoto ameshaufuta.

Kwa nini hakusema? Wapo wanaodai watoto hawajui hatari. Mimi naona msichana huyu amepiga hesabu vizuri mno. Anajua sentensi itakayofuata: "Ndiyo maana nilikukataza simu." Akisema, atapoteza grupu la masomo, atashukiwa kuwa ndiye aliyeanza, na mtu yule atabaki na namba ya mama. Hofu ya mzazi ni ya haki kabisa. Lakini kumnyang'anya simu mtoto aliyesema ukweli ni kumwadhibu kwa kusema, na wadogo zake wanatazama.

Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba mkosaji mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamjua, na kwamba ni watoto wachache mno wanaofika polisi au kupiga simu ya msaada. Wanaosema humwambia zaidi mtu wa karibu: rafiki, ndugu, mzazi. Hapo simu ya pamoja ina faida isiyotajwa sana. Kaka anayeishika baada ya dada anaweza kuwa wa kwanza kuona, na mara nyingi hachukuliwi kama hakimu. Hata hivyo mafunzo yetu huwalenga walimu na wazazi. Kaka huyo wa miaka 16 hajaambiwa na yeyote afanye nini.

Mzazi, mwanao akikuletea ujumbe wa aibu, mshukuru kwanza, na simu mwachie. Uhifadhi ujumbe pamoja na namba iliyoutuma, msiujibu, kisha pigeni 116. Namba hiyo ni ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya, na haitozwi hata senti.