Fizikia si ya wavulana peke yao: visa vya Tuzo za Nobel za mwanzo

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alikuja kwangu na fomu ya kuchagua masomo. Kote amejaza isipokuwa penye Fizikia. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Mjomba, hilo ni somo la wavulana. Halafu litanifaa nini mimi?" Mimi nina diploma ya umeme na riziki yangu yote imetoka kwenye nyaya na swichi, kwa hivyo jawabu lile liliniuma kidogo. Sikugombana naye. Nilimwahidi nitamwandikia, na kwa kuwa najua ana wenziwe wengi hapa pwani, naandika hapa wasome wote.

Tuzo za Nobel zilianza kutolewa mwaka wa 1901, kwa mali aliyoiacha Alfred Nobel, Mswidi aliyetajirika kwa kubuni baruti kali ya kupasulia miamba. Wa kwanza kabisa kuipata ya fizikia alikuwa Mjerumani, Wilhelm Röntgen, na kazi yake bibi yake huyu binti ameionja mwenyewe. Mwaka jana mamangu aliteleza uani, tukampeleka hospitali, na kabla daktari hajasema lolote alitaka kwanza aone eksirei ya nyonga.

Jioni ya tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa. Chupa ameifunika kwa karatasi nene nyeusi, na chumba kina kiza. Mara akaona kibao kilichopakwa dawa, kilichokuwa kando, kinang'aa. Kuna kitu kilichokuwa kikipenya karatasi na kukifikia. Alijifungia kwa majuma kadhaa akikichunguza, na kwa kuwa hakujua ni kitu gani, akakiita miali X, kama tunavyoita X ile nambari tusiyoijua katika hesabu. Mwezi uliofuata alimwita mkewe, Anna Bertha, akaweka mkono wake juu ya bamba la picha. Ikatoka mifupa ya vidole, na pete ya ndoa ikining'inia kwenye mfupa. Röntgen hakuchukua hataza ya ugunduzi huo, ingawa angeweza kutajirika, na pesa za tuzo alikipa chuo kikuu chake.

Sasa nifike kwa yule ninayetaka mpwa wangu amjue. Marie Curie alizaliwa Warsaw mwaka wa 1867, wakati ambapo nchi yake ya Poland ilikuwa chini ya Warusi na chuo kikuu cha hapo hakikupokea wanawake. Alifanya kazi ya kufundisha watoto majumbani mwa watu ili amsomeshe dada yake Paris, kwa makubaliano kwamba dada naye atamsaidia zamu yake ikifika. Zamu ilifika mwaka wa 1891. Akenda Ufaransa, akasoma, akaolewa na mwanafizikia mwenziwe, Pierre Curie.

Mwaka wa 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba chumvi ya uraniamu huacha alama kwenye bamba la picha hata ikiwa ndani ya mtoto wa meza, bila jua. Marie aliichukua habari hiyo kama somo la utafiti wake. Akapima mawe yenye uraniamu, akakuta baadhi yana nguvu kupita uraniamu yenyewe. Maana yake, ndani mlikuwa na kitu kingine. Mwaka wa 1898 yeye na mumewe walitangaza vitu viwili vipya, poloniamu na radiamu. Lakini kutangaza ni jambo moja, kuonyesha ni jengine. Walipewa kibanda kilichokuwa kikivuja, na humo Marie akachemsha mawe kwa tani, akiyakoroga kwa chuma kirefu karibu sawa na kimo chake. Baada ya miaka hiyo yote alipata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Ukiiweka kwenye kiganja hata huioni vizuri.

Ikaja tuzo ya 1903. Barua ya mapendekezo iliyotoka kwa wakubwa wa sayansi wa Ufaransa ilimtaja Becquerel, ikamtaja Pierre, ikamruka Marie. Mswidi mmoja, Gösta Mittag-Leffler, alimdokezea Pierre, na Pierre akajibu kwamba wakitaka kumheshimu, basi wawe yeye na mkewe pamoja. Ndivyo jina lake lilivyoingia. Pierre aliuawa na gari la farasi mwaka wa 1906, na Marie akaendelea peke yake. Mwaka wa 1911 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilikataa kumfanya mwanachama, na mwaka huo huo akapata Nobel ya pili, ya kemia. Vita vya Kwanza vilipozuka alitengeneza magari ya eksirei ya kupeleka karibu na medani, akisaidiwa na bintiye Irène aliyekuwa na miaka 17. Alifariki mwaka wa 1934 kwa ugonjwa wa damu uliosababishwa na mnururisho. Daftari zake mpaka leo huhifadhiwa katika masanduku ya risasi, kwa sababu hazijapoa.

Wengine nitawapitia mbiombio. J. J. Thomson alipata ya 1906, naye ndiye aliyeonyesha kwamba kuna elektroni. Ya 1909 waligawana Marconi na Ferdinand Braun kwa kazi ya simu isiyo na waya. Huyo Braun ndiye pia aliyebuni ile chupa ya zile runinga za zamani zenye kisogo. Albert Einstein alipewa ya 1921, na wengi hudhani ni kwa nadharia yake ya uhusianifu. La. Ilitajwa kazi yake ya kueleza jinsi mwanga unavyobandua elektroni kwenye chuma, na paneli za sola tunazoziona juu ya mapaa yetu zinaeleweka kwa wazo hilo hilo la mwanga kuja kwa vipande. Na si wote walikuwa watu wema. Philipp Lenard, wa 1905, na Johannes Stark, wa 1919, waliishia kumshabikia Hitler na kumtukana Einstein kwa Uyahudi wake.

Nimemweka mwisho Gustaf Dalén, Mswidi aliyepata ya 1912. Mtu wa Mombasa akisikia neno Lighthouse hufikiria mihogo na madafu, lakini babu yangu alikuwa baharia, na kwake taa ya pwani ilikuwa uhai. Enzi hizo minara na maboya mengi yaliwashwa kwa gesi, na mtu alilazimika kukaa kwenye mwamba kuyahudumia. Dalén alitengeneza vali yenye fimbo nyeusi katikati ya fimbo zinazong'aa. Mchana ile nyeusi hunyonya mwanga, hujaa joto, hurefuka na kufunga gesi. Jua likitua hurudi, taa ikawaka yenyewe. Mwaka ule ule wa tuzo, akijaribu mitungi ya gesi, mmoja ulilipuka ukampofua. Nduguye Albin, daktari wa macho, ndiye aliyekwenda kuipokea kwa niaba yake. Dalén aliiongoza kampuni yake bila macho kwa miaka 25, hadi alipofariki mwaka wa 1937.

Mpwa wangu, fomu inatakiwa shuleni Jumatatu. Nitakuja Jumapili baada ya laasiri, tuijaze pamoja na bibi yako.