Dawa nyeupe iliyowagombanisha madaktari wa utumbo

Machi ni mwezi wa kampeni ya saratani ya utumbo mpana katika nchi kadhaa. Ni mwezi pia ambao Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi, mwaka 1971. Mwaka huohuo, mbali na Kilimanjaro, yalitokea mambo mawili yanayomgusa mtu wa Masama, wilayani Hai, zaidi ya anavyodhani.

La kwanza ni la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyeingia Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Mulago hadi miaka ya 1960. Alichapisha ripoti akisema saratani ya utumbo mpana ni nadra Afrika kwa sababu watu wake hula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. La pili lilitokea Oktoba 1, hospitali ya Atkinson Morley, London: mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield, inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande.

Namheshimu Burkitt, lakini neno lake lilitulaza usingizi. Sisi wa migombani tuliridhika kwamba kiburu na mtori, vyakula vyetu vya ndizi, vinatutosha, na ugonjwa huo tukauachia Ulaya. Lakini utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha wagonjwa wengi wakifika saratani ikiwa imekwisha kukomaa. Na saratani hii haivamii ghafla. Mara nyingi huanza na polipu, kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, ambacho huweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kugeuka. Kinyama hicho kikionwa mapema, hukatwa na habari ikaishia hapo.

Cha kukionea kilikuwa kolonoskopia, mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa. Mwaka 1994 David Vining wa North Carolina, Marekani, akaonyesha njia nyingine: picha za CT zinaunganishwa na kompyuta mpaka daktari anasafiri ndani ya utumbo kwenye skrini. Tatizo likawa kinyesi. Bonge lililobaki ukutani hufanana na polipu, na maji yaliyotuama huifunika polipu ya kweli. Ndipo ikaja dawa nyeupe. Mgonjwa hunywa bariamu na iodini, mabaki yote tumboni yanang'aa kwenye picha kama mfupa, kisha kompyuta inafuta kila kinachong'aa. Zalis na Hahn wa Boston waliieleza kazi hiyo mwaka 2001. Pagumu palikuwa mpakani mwa hewa na maji meupe: rangi ya hapo hukaribia ile ya nyama, kompyuta ikadhani ni ukuta.

Desemba 2003 Perry Pickhardt na wenzake wakatangaza matokeo ya watu 1,233 wasio na dalili. Kwa polipu za milimita 10 na zaidi, CT ilikamata asilimia 93.8 na kolonoskopia asilimia 87.5. Miezi michache baadaye Peter Cotton akaja na watu 615, na CT yake ilikamata asilimia 55 tu. Mwaka 2005 Don Rockey akapata asilimia 59. Pakawaka moto. Upande mmoja ukasema kipimo hakijaiva na ni hatari kuwapa watu. Upande wa pili ukauliza: dawa nyeupe mliwanywesha? Mlifuta kwa kompyuta? Wasomaji wenu wa picha walikwisha kusoma ngapi? Nimezisoma hoja za pande zote na nasimama na Pickhardt. Kwangu, kilicholeta tofauti kubwa ni maandalizi na macho yaliyofunzwa.

Mwaka 2008 utafiti wa vituo 15 ulipata asilimia 90. Mwaka 2010 Rais Obama wa Marekani alipimwa hivyo bila kuchomwa sindano ya usingizi. Mwaka 2012 Zalis alipima watu 605 bila kabisa ile dawa ya kuharisha inayosafisha utumbo kabla ya kipimo, akapata asilimia 91. Januari 2025 bima ya wazee ya Marekani ikaanza kukilipia kipimo hicho.

Kipengele hicho cha kutoharisha ndicho kinachonifanya niandike. Fikiria mama wa Masama Mashariki aliyekesha chooni nje, kisha alfajiri apande gari hadi Boma Ng'ombe, aunganishe la Moshi. Wengine hughairi njiani, na mimi siwalaumu. Kwake kufuta kinyesi kwa kompyuta si anasa. Mashine za CT Moshi zipo. Ambacho hakipo nchini ni mpango wa taifa wa kuchunguza utumbo wa watu wasio na dalili, na bila mpango hakuna atakayewafunza wasomaji wa picha kwa wingi.

CT haikati polipu. Ikionekana, mrija utafuata. Na anayeona damu chooni asisubiri mpango wowote, wala asikae miezi akinywa dawa za bawasiri alizoelekezwa na jirani. Huyo aende hospitali aombe kolonoskopia.