Sauti ya juu, besi na kiwambo: maneno ya kutathminia spika za masikioni za bei nafuu

Spika za masikioni ni vifaa vidogo vinavyompa msikilizaji mmoja sauti ya simu, redio au kompyuta bila kuwasumbua walio karibu naye. Katika mazungumzo huitwa iafoni, na mara nyingine hedifoni, ingawa hedifoni hasa ni zile zenye utepe wa kuvaliwa kichwani. Vyombo vya habari hupendelea vipokea sauti vya masikioni. Jina hilo limeenea, lakini lina kasoro ya maana: kifaa hiki hakipokei sauti, bali hupokea umeme na kutoa sauti. Kinachopokea sauti ni maikrofoni, nayo watu wengi huiita kipaza sauti, jina lile lile wanaloipa spika kubwa ya mkutanoni. Mtafsiri anayeeleza kifaa chenye spika mbili na maikrofoni moja kwenye waya akitumia vipokea sauti na kipaza sauti, atamwachia msomaji kazi ya kubahatisha kipi ni kipi. Spika na maikrofoni ndiyo maneno salama. Pale inapobidi kutofautisha aina, spika za kutia sikioni hujitenga vyema na zile zinazokaa juu ya sikio.

Kuhusu bei, bei nafuu humaanisha bei ambayo mnunuzi anaimudu, na haisemi lolote juu ya ubora. Rahisi hubeba dokezo la udhaifu, na bei ya chee hulizidisha. Anayetaka kutathmini kwa haki aanze na nafuu, kisha aache sifa na kasoro zijitokeze zenyewe.

Utata wa sauti ya juu

Hakuna kirai kinachopotosha tathmini za vifaa vya sauti kama sauti ya juu. Katika Kiswahili cha kila siku kirai hiki kina maana mbili. Mtu anayezungumza kwa sauti ya juu anasikika mbali. Mwimbaji anayeimba sauti ya juu anaimba noti za juu, hata kama anaimba kwa upole. Maana ya kwanza inahusu ukubwa wa sauti, ya pili inahusu kidatu, yaani kasi ya mitetemo inayoifanya sauti iwe nyembamba au nene. Wanakwaya hukwepa utata huu kwa kusema sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, au soprano, alto, tena na besi. Sauti ya chini nayo ina utata huo huo: ni mnong’ono, au ni besi.

Sentensi kama “Spika hizi huumiza katika sauti ya juu” basi haieleweki. Je, huumiza zikifunguliwa sana, au huumiza katika noti nyembamba hata zikiwa zimepunguzwa? Kosa la kwanza ni la matumizi na hurekebishwa kwa kidole kimoja. La pili ni la kifaa, na mnunuzi atakaa nalo. Inafaa kusema sauti kubwa na sauti ndogo kwa ukubwa, na noti za juu na noti za chini, au kidatu cha juu na cha chini, kwa kidatu.

Madhara ya utata huu huwa makubwa zaidi katika maonyo ya afya yanayochapishwa kwenye maboksi na vijitabu. Shirika la Afya Duniani na ITU wameweka kipimo cha usikilizaji salama kwa mtu mzima: desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu, hivyo kwamba katika desibeli 89 hubaki saa 5 tu. Onyo linalosema “Epuka sauti ya juu” linaweza kusomwa na kijana anayependa besi kana kwamba halimhusu, kwa kuwa anachokifungulia ni mvumo wa chini. “Usifungulie sauti kubwa kwa muda mrefu” haina mwanya huo.

Masafa nayo yanahitaji tahadhari. Kwenye boksi la spika za bei nafuu karibu kila mara huandikwa hezi 20 hadi hezi 20,000. Hayo ni masafa ambayo sikio changa lenye afya huweza kuyasikia, na kuyaandika kwenye boksi hakuelezi chochote juu ya uwiano wake: spika inaweza kuyatoa yote na bado ikawa mbaya. Zaidi ya hapo, wasomaji waliokua na redio hujua masafa mafupi na masafa ya kati kwa maana ya urefu wa mawimbi ya utangazaji, ambapo mafupi ndiyo yenye mitetemo mingi zaidi. Katika tathmini ya spika, noti za kati hueleweka upesi kuliko masafa ya kati.

Nene, nzito, na kasoro zilizo kati yake

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya sauti nene, na ni hasara kuyaacha yote kwa ajili ya neno moja la besi. Besi ni jina la eneo la noti. Halisemi noti hizo zinafanya nini. Kishindo ni pigo linaloanza ghafla na kukoma upesi, kama ngoma ya mguu katika muziki wa dansi. Mvumo huendelea baada ya pigo. Mrindimo ni wa chini zaidi, hukaribia kuhisiwa badala ya kusikiwa. Spika nyingi za bei nafuu zina mvumo mwingi na kishindo kidogo, na tathmini inayosema “zina besi kali” inaficha tofauti hiyo. Kali, kwa kweli, lingeachwa kwa noti za juu, zinakoweza kuchoma.

Mvumo ukizidi hufunika sauti ya mwimbaji. Hapo husemwa sauti imefunikwa, au ina ukungu. Kinyume chake ni sauti ya debe: nyembamba, isiyo na mwili, inayogonga. Sauti ya puani, istilahi inayojulikana vyema na walimu wa fonetiki, hufaa pale noti za kati zinapovimba na kila mwimbaji akaonekana ana mafua. Kupasuka kwa sauti ni jambo jingine kabisa. Ni kiwambo kushindwa kuhimili kinachotakiwa, na husikika kama mkwaruzo sauti inapofunguliwa. Sauti yenye ukungu haijapasuka, na spika inayopasua huenda ikawa safi kabisa kwa sauti ndogo.

Kwa noti za juu, kipimo bora kimo katika lugha yenyewe. Vikwamizi s na sh hubeba nguvu nyingi katika masafa ya juu, s zaidi ya sh. Sehemu kubwa ya nguvu ya s huwa juu ya hezi 4,000. Msomaji wa taarifa ya habari anaposema “sisi sote tusisahau masharti”, spika iliyosawazishwa huzitofautisha s na sh bila jitihada. Ikiwa noti za juu zimezidi, kila s hugeuka mluzi na kuchosha sikio baada ya dakika chache; zikipungua, sote na shote hukaribiana. Mazungumzo hufichua kasoro hii haraka kuliko muziki, ambao matoazi na gitaa zake huweza kuificha.

Rekodi ya kujaribia nayo ina lake. Siti binti Saad na wenzake waliporekodiwa Bombay mwaka 1928, sahani za santuri za wakati huo hazikuweza kuhifadhi noti za chini wala za juu kama rekodi za leo. Anayezisikiliza kwa spika mpya na kuandika kwamba spika hizo “hazina besi” anaitathmini santuri.

Kabla ya kulaumu

Neno kiwambo linastahili kutajwa hapa kwa sababu linaunganisha pande zote za jambo hili. Linatokana na kuwamba, kuitandaza ngozi na kuikaza juu ya mzinga wa ngoma. Sikio lina kiwambo chake. Spika nayo ina kiwambo, kitambaa chembamba cha plastiki ambacho katika spika nyingi za kutia sikioni kina kipenyo cha milimita 10 hivi, kinachosukumwa na koili ndogo iliyo ndani ya uga wa sumaku. Kati ya viwambo hivyo viwili kuna hewa kidogo iliyofungiwa, na kufungiwa huko ndiko kunakobeba besi. Kipira cha mbele kikiwa kidogo kwa tundu la sikio, hewa huvuja na noti za chini hutoweka kabla ya nyingine zote. Sehemu kubwa ya malalamiko ya “hazina besi” yangepaswa kusomeka “hazikuziba sikio”. Tathmini isiyotaja ukubwa wa kipira kilichotumika ina upungufu mkubwa kuliko ile isiyotaja bei.

Uimara

Katika uimara, maneno ya mafundi ni sahihi kuliko ya matangazo. Imara pekee halitoshi: gamba laweza kuwa imara huku waya ukiwa dhaifu, na waya ndio hufa kwanza. Sehemu mbili huchoka, pale waya unapoingia kwenye jeki na pale unapoingia kwenye gamba, kwa kuwa ndipo unapokunjwa kila siku. Mfano mzuri ni Chu ya kampuni ya Moondrop ya China, iliyotoka mwaka 2022 kwa bei ya takriban dola 20 za Marekani. Gamba lake lilikuwa la metali, zito na zuri kwa bei hiyo, lakini waya wake haukuweza kuchomolewa. Ukikatika ndani, gamba zima lilibaki pambo. Katika Chu II ya mwaka 2023 waya unachomoka na kubadilishwa. Mtathmini aliyeandika tu kwamba ya kwanza ni “imara” hakukosea kuhusu gamba, lakini hakumsaidia mnunuzi.

Upande mmoja unaponyamaza, watumiaji husema spika imekufa. Mara nyingi haijafa. Ikiwa sauti hurudi waya unapokunjwa karibu na jeki, waya umekatika, na fundi mwenye lehemu aweza kuuunga. Ikiwa sauti inafifia siku hadi siku bila kubadilika kwa kukunja, huenda nta ya sikio imeziba wavu wa mbele, spika imeziba. Kufa libaki kwa koili iliyoungua. Kati ya vitenzi hivyo vitatu, kukatika, kuziba na kufa, kimoja tu ndicho kinachomlazimu mwenye kifaa anunue kingine.