Msitu wa Kinondo na Mifupa ya Fort Ternan

Mnamo mwaka 1961, katika shamba la mlowezi Fred Wicker huko Fort Ternan, Louis Leakey alichimbua mabaki ya sokwe wa kale aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Mwaka uliofuata kiumbe huyo alipewa jina la kitaalamu, Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya mwenye shamba. Mifupa ikahifadhiwa Nairobi. Mahali hapo palipata sifa duniani, lakini si jina wala mifupa iliyobaki mikononi mwa wenyeji.

Historia ya Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo wenye hekta 30 hivi karibu na Diani, ilifuata njia nyingine. Kaya zilikuwa makazi ya Wamijikenda, yaliyojengwa ndani ya misitu kwa ajili ya kujikinga na maadui. Watu walipohamia nje, makaburi ya wahenga na fingo, yaani kinga iliyozikwa ardhini, vilibaki humo. Msitu ukawa mahali pa matambiko, na mwiko wa kukata miti ukaulinda.

Hoteli za watalii zilipoongezeka Diani, ardhi ilipanda thamani na miiko ikapungua nguvu. Mwaka 1992 Serikali iliitangaza Kinondo, pamoja na kaya nyingine, kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2001 wenyeji wenyewe walianza kuwapokea wageni, na mwaka 2008 Kinondo ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Jambo la kuzingatiwa ni namna wageni hao walivyopokewa. Mgeni hujifunga nguo nyeusi, huongozwa na mwenyeji, hakatazi mtu wala hachukui kitu, na asipoonyeshwa mahali hapaingii. Kwa hiyo mwiko haukufutwa ili utalii upate nafasi. Mwiko wenyewe ndio unaomfundisha mgeni kuwa yu mahali patakatifu. Wazee walitoa njia ya kupitia msituni, wakabaki na kauli juu ya kilichomo.

Hapa ndipo penye funzo kwa Fort Ternan. Mahali pa kale hapawi pa wenyeji kwa kutembelewa tu. Huwa pao iwapo wao ndio wasimuliao, na wao ndio wenye haki ya kusema: hapa, mgeni, usipite.