Sinagogi

Neno sinagogi, ambalo wasomaji wengi hulifahamu kupitia Injili, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mkusanyiko, ilhali kwa Kiebrania jengo hilo huitwa beit knesset, yaani nyumba ya kukutania, na mahali pa kujifunzia, watu wazima wakiwamo, huitwa beit midrash. Maana hizo mbili huungana kwa Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Mbale, Uganda, kwa kuwa jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, mtu mzima aliyejisomea Biblia, na tangu 2008 imekuwa na rabi wake, yaani mwalimu wa Torati, Gershom Sizomu.