Ninja 250 ya Mbio

Ninja 250 ya mbio ni pikipiki ndogo ya barabarani ya Kawasaki (EX250) iliyogeuzwa ili itumiwe na dereva anayeanza kwenye uwanja wa mbio. Toleo lililouzwa Marekani kuanzia 1988 hadi 2007 halikubadilika sana, kwa hiyo vipuri vyake huingiliana. Injini yake ya silinda mbili, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 248 na inayopozwa kwa maji, haina nguvu nyingi. Ndiyo sababu inamfaa mwanafunzi, kwani humlazimu kutunza kasi kwenye kona badala ya kutegemea mafuta.

Kazi huanza kwa kuondoa taa, vioo, indiketa na stendi. Boliti ya kumwagia oili, kifuniko cha kujazia na filta hufungwa kwa waya ili visilegee, kwa kuwa oili ikimwagika njiani huwaangusha wanaofuata nyuma. Kwa sababu hiyohiyo, kipozeo chenye glaikoli hutolewa kwenye rejeta na kuwekwa maji. Waandaaji wengi wa mbio hudai pia trei ya chini ya injini ya kukingia vimiminika.

Udhaifu mkubwa ni shokapu laini: springi za mbele hubadilishwa kulingana na uzito wa dereva, na shokapu ya nyuma huwekwa nyingine. Breki na matairi mapya hutangulia marekebisho yoyote ya injini. Toleo la 2008 lilipewa rimu za inchi 17 badala ya 16, hivyo lina matairi mengi zaidi ya kuchagua.